Jaketi jeusi la jinzi: kwa nini mmoja anapendeza nalo na mwenzake anaonekana katoka gereji?

#1 Kijana wa Makole
Wakuu salaam.

Kila jioni nikipita Nyerere Square hapa Dodoma naona jambo lile lile. Tangu baridi ianze, jaketi jeusi la jinzi limekuwa sare ya mji, wake kwa waume, ila matokeo yanatofautiana mno. Jamaa anapita na jaketi, shati jeupe, suruali ya kadeti ya kijivu na viatu vya moka, unasema huyu katoka kwenye kikao cha maana. Nyuma yake anakuja mwingine, jaketi lile lile, pengine la gharama zaidi, unaona mtu aliyetoka kumwaga oili ya lori.

Dai langu ni moja: siri ni weusi. Jaketi likiwa jeusi tii linabeba chochote utakachovaa nalo. Likishapauka limeshuka cheo, libaki la kwendea shamba. Langu nikiona kola inaanza ukijivu, kwenye watu silivai tena.

Mnakubali au mnakataa? Na nyie mnalivaaje likae kiungwana bila kufika kwenye suti?

#2 Nzuguni Stendi
Nimeweka kiti mbele. Waje wenye pamba zao.

#3 Fundi wa Kisasa
Mleta mada, weusi una nafasi yake ila umeanzia katikati. Mwanzo ni bega.

Nashona na kurekebisha nguo hapa Kisasa, na miezi hii ya Juni na Julai majaketi ndiyo yanajaa kwenye meza yangu. Mshono wa bega unatakiwa ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Ukishuka kwenye mkono hata vidole viwili, mtu anaonekana kaazima nguo, hata liwe jeusi namna gani. Na bega ndiyo sehemu ngumu kuokoa. Mshono wa jinzi umekunjwa ukapigwa mistari miwili. Ukiufumua, kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani kinatoka cheusi kuliko cha nje na unabaki mchirizi usiofutika.

Vingine vinarekebishika. Mbavu napunguza kwa kufuata mshono wa ubavuni, sizidi inchi moja kila upande, maana ukizidisha mifuko ya pembeni inakimbilia mgongoni. Mkono ukiwa mrefu naufungua kwenye kafu, ule ukanda wa mwisho wa mkono wenye kifungo, nakata, narudisha kafu ile ile. Fundi akitaka kukukunjia kwa ndani mkatalie, utapata donge kwenye kifundo cha mkono na halitapigika pasi. Muulize pia anatumia sindano gani. Ya jinzi ni namba 16 au 18. Hizi nyembamba za kushonea vitenge zinakatika kwenye mikunjo au zinaruka mshono.

Urefu liishie kwenye mkanda au chini yake kidogo. Likifika katikati ya makalio limeshakuwa koti, na hapo ni mavazi mengine kabisa.

#4 Binti wa Ipagala
Fundi kaongea, ila mimi nabisha wote wawili. Ni kiatu.

Jaketi la jinzi ni nguo ya kawaida, hakuna wa kulipandisha cheo peke yake. Lazima kitu kingine mwilini kibebe heshima, na cha kwanza kuonekana ni kiatu. Dodoma hii ina vumbi, mtu kavaa vizuri juu mpaka kiunoni, chini raba nyeupe imeshakuwa rangi ya udongo. Jaketi linakifuata kiatu kwenda chini.

Mimi langu navalia suruali ya kitambaa ya mguu mpana, rangi ya maziwa au ya kahawia, blauzi ya satini, viatu vya simpo vyenye ncha. Mikono naikunja mara mbili saa ionekane. Nimeingia nalo hotelini kwenye hafla watu wamevaa blezi na sikujiona nimepungukiwa.

#5 Zabibu Kavu
#4 kumbe unatuangalia miguu sote tunaopita Ipagala?

#6 Binti wa Ipagala
Naanzia chini napanda juu. Raba ikiwa na vumbi sifiki kwenye jaketi.

#7 Mzee wa Area C
Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo.

Nawasoma vijana. Jinzi ni nguo ya kazi tangu asili yake. Levi Strauss alitengeneza jaketi hilo mwaka 1873 kwa ajili ya wachimba madini wa Marekani, watu wa sururu na koleo. Nguo iliyotengenezwa kwa ajili ya shimo, hata uipige pasi, haiwezi kuwa nguo ya kikao. Huyo wa shati jeupe na moka aliyemsifu mleta mada, ninachokiona kilichompendezesha ni shati na moka. Angevua jaketi angependeza zaidi.

#8 Msomaji wa Usiku
Shikamoo mzee wetu. Hapo kwenye mwaka naomba nirekebishe. Tarehe 20 Mei 1873 Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walipewa hataza ya kuimarisha mifuko ya suruali kwa ribiti za shaba, vile vijisumari vinavyogongwa kwenye kona za mfuko. Ile ilikuwa habari ya suruali. Jaketi tunalolizungumzia hapa, lenye mifuko miwili ya kifuani, vifuniko vyenye ncha na mishono miwili inayotoka mifukoni ikishuka huku inakaribiana hadi kiunoni, ni umbo la mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Na hiyo mishono miwili ina kazi yake. Inapeleka jicho la mtu kiunoni, kifua kinaonekana kipana na tumbo linapungua. Ndiyo maana ukilinunua kubwa kuliko mwili, mishono inashuka wima na faida yote inapotea. Kwa hiyo mimi niko na fundi wa #3, ila naongeza mbavu kwenye bega lake.

#9 Mzee wa Area C
Marahaba, na ahsante kwa tarehe. La 1960 nalo lilivaliwa kazini. Nimebaki pale pale.

#10 Dada wa Kondoa
Habari zenu. Naona mmezungumzia suruali tu. Sisi tunaovaa hijabu je? Nina gauni refu jeusi na mengine ya maua. Nimenunua jaketi jeusi la jinzi, nikivaa juu ya gauni naona nimekatika katikati, mguu mfupi, kiwiliwili kikubwa. Ushungi nao sijui niuweke ndani ya kola au nje.

#11 Mama wa Nkuhungu
#10 mwanangu, gauni lako refu linataka jaketi fupi. Liishie juu ya nyonga kabisa, pale kiuno kinapoingia. Jaketi refu juu ya gauni refu linakufanya mstari mmoja usio na kiuno. Kola iache ilale, ushungi uweke juu yake uteremke mbele, usiubane ndani. Ukiubana shingo inapotea na joto linakupata bure. Vifungo usifunge, labda kimoja cha katikati.

Na gauni la maua ndilo lenyewe, hasa ya maua madogo. Nyeusi kwa nyeusi achana nayo mpaka uhakikishe weusi wa gauni na wa jaketi ni mmoja, maana jinzi na kitambaa laini havipauki pamoja. Binti yangu anavalia rangi ya zabibu iliyoiva na jaketi jeusi, akipita unageuka.

#12 Bumu Halijatoka
Mnaongea satini na moka, sisi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) tunasubiri bumu, hela ya mkopo. Kule mlimani jioni upepo unakata, jaketi ni lazima, urembo baadaye. Langu nimelipata soko la Sabasaba kwa Sh 12,000. Ninachofanya ni kuvaa fulana ya rangi moja isiyo na maandishi, shingo ya duara iliyobana vizuri, suruali ya jinzi ya buluu iliyokolea na mkanda mweusi. Basi. Nimewasilisha kazi darasani hivyo hivyo na mwalimu akasema leo umependeza.

Kwangu mimi siri ni fulana. Fulana iliyolegea shingo inaua kila kitu mlichotaja hapo juu.

#13 Mfungua Belo
Naona Sabasaba imetajwa, niseme kidogo maana nipo huko.

Majaketi meusi ya jinzi yanapoteza watu hela kwa sababu wanaangalia mbele tu. Ukilishika, ligeuze ndani. Kuna yenye uzi mweusi pande zote, ndani na nje rangi moja. Kuna yenye uzi mweusi kwa juu na mweupe unaopita chini yake, ukigeuza unaona kijivu au weupe. Haya ya pili ni mazuri pia lakini yatapauka mapema na yatapauka kwa mistari kwenye kiwiko na kola. Mleta mada anayetaka jeusi tii la kudumu atafute la kwanza.

La pili ni yale yaliyopigwa rangi upya. Mengi yanang'aa ukiyaona mezani. Angalia lebo ya shingoni na uzi wa mishono. Nyuzi nyingi za kiwandani ni za plastiki na hazinywi rangi ya pamba, kwa hiyo ukikuta kitambaa ni cheusi kipya halafu uzi umebaki na rangi yake ya zamani, au lebo nayo imekunywa weusi na maandishi yake yamefifia, hilo limepita kwenye sufuria la mtu. Lowesha leso nyeupe kidogo, sugua ndani ya kola. Ikitoka nyeusi, jua shati lako jeupe litakuwa na kola ya mkaa siku ya kwanza tu.

Mwisho nusa kwapani na kagua hapo hapo kama kitambaa kimekuwa chepesi. Kwapa likichoka hakuna fundi.

#14 Kijana wa Makole
#13 shukrani sana. Hilo la lebo ndiyo nalisikia leo. Sasa mnaokubali hoja ya weusi, mnautunza vipi? Maana hapa Dodoma nguo nyeusi haidumu, hata ile ya uzi mweusi pande zote.

#15 Mama wa Nkuhungu
Jua. Hakuna kingine. Watu wanafua asubuhi, wanaanika uani nje kwa nje, wanakwenda kazini, nguo inashinda juani mpaka magharibi wakati ilikauka saa tano. Dodoma hewa ni kavu, kitu kizito kinakauka hata kivulini. Geuza ndani nje, anika barazani, na usifue kila ukivaa. Piga brashi vumbi, tundika lipate hewa.

#16 Mdau Chang'ombe
Mama heshima yako, ila jua lipo na Morogoro na nguo zao zinadumu. Sisi ni maji. Maji ya visima vya Mzakwe yana chumvichumvi, kila mwenye birika nyumbani anajua ule utando unaobaki chini. Ukifua kwa sabuni ya mche povu halitoki, sabuni inashikana na madini yaliyomo kwenye maji, inabaki kwenye kitambaa. Kwenye shati jeupe huioni. Kwenye jaketi jeusi unaona ukijivu unasema limepauka, kumbe limepakwa utando.

Masika nakinga maji ya mvua, nguo zote nyeusi nazifulia hayo. Tofauti naiona kwa macho.

#17 Zabibu Kavu
Chumvi na siki wakuu. Jaketi likiwa jipya, kabla hujalivaa, loweka usiku kucha kwenye maji ya baridi yenye chumvi ya kutosha na siki kikombe kimoja. Rangi inafungwa. Hii nimeikuta nyumbani na mama yangu mdogo analo jaketi tangu nikiwa sekondari, bado jeusi.

#18 Mkemia wa Kikuyu
#17 hapo tutofautiane kidogo. Chumvi inasaidia wakati wa kutia rangi pamba, ndani ya dishi la rangi, ili rangi iingie kwenye uzi. Nguo ikishatoka kiwandani, kuiloweka kwenye chumvi hakufungi kitu. Jinzi nyingi nyeusi hutiwa rangi za salfa, na siki nayo haizifungi.

Ila siki ina kazi nyingine, na hapo namuunga mkono #16. Siki kidogo kwenye maji ya mwisho ya kusuuza inayeyusha ule utando wa madini na sabuni. Jaketi linarudi jeusi, mtu anasema rangi imefungwa. Kilichotokea ni kwamba uchafu umeondoka.

Adui mkubwa wa rangi ya salfa ni jiki. Hata ndoo iliyokuwa na jiki asubuhi ukaisuuza haraka haraka inaweza kukuachia madoa ya kahawia. Na #16, hilo la sabuni kushikana na madini ni la sabuni ya mche zaidi. Sabuni ya unga haifanyi hivyo sana, ingawa ukiweka nyingi haisuuziki vizuri na unabaki na weupe ule ule.

#19 Zabibu Kavu
Kemia siibishii mkuu. Ila jaketi la mama mdogo lipo, na anafulia maji hayo hayo ya Mzakwe, na kuanika anaanika juani. Nielezeni.

#20 Mfungua Belo
#19 itakuwa ni la uzi mweusi pande zote. Ligeuze ndani utuambie.

#21 Mama wa Nkuhungu
Au halivai. Nguo ya kabatini haipauki.

#22 Bibie wa Area D
Mmeng'ang'ania weusi mpaka mmesahau kwamba jaketi lililopauka vizuri lina uzuri wake. Mleta mada nakupinga moja kwa moja. Langu limekuwa rangi ya mkaa uliozimika na nimelipenda zaidi kuliko lilivyokuwa jipya. Kosa wanalofanya watu ni kulivaa na suruali nyeusi tii, hapo linaonekana chakavu kwa sababu kuna kitu cha kulilinganisha nalo. Livae na kijivu, na nyeupe, na kijani cha jeshi, na kitenge chenye nyeusi ndani yake. Mimi navaa sketi ya kitenge ya kubana mpaka chini ya goti, fulana nyeupe, jaketi hilo la kijivu, viatu vya kisigino kifupi. Nikienda nayo kanisani Jumapili akina mama wananiuliza sketi nimeshonesha wapi, hakuna anayesema jaketi limezeeka.

Kinachochakaza jaketi ni mikunjo. Pigeni pasi! Jinzi inapigwa pasi jamani. Geuza ndani, nyunyiza maji, pasi ya moto wa pamba, anza na kola, kisha vifuniko vya mifuko vilale. Kifuniko kimoja kikisimama juu kama sikio la mbuzi, hata uvae saa ya dhahabu huponi.

#23 Fundi wa Kisasa
Vifuniko vya mifuko! #22 umenigusa. Wateja wanalipia kupunguza mbavu, wanakataa kupiga pasi mfuko.

#24 Mtumishi Mtumba
Swali kwa wenzangu wa Mji wa Serikali. Ijumaa mnalivaa ofisini? Kwetu kuna kijana alikuja nalo juu ya shati na tai, mkuu wake wa kitengo akamwita pembeni akamwambia akalitundike kwenye gari. Na alikuwa amependeza, mimi niliona. Nimebaki najiuliza kama tatizo ni jaketi au ni neno jinzi tu.

#25 Mdau Chang'ombe
Ofisi za umma zina mwongozo wake wa mavazi, usitafute ugomvi. Hata bungeni mavazi yanaleta mjadala mkubwa. Mnakumbuka mwaka 2020 mbunge wa Momba alivyotolewa ukumbini kwa sababu ya suruali?

#26 Msomaji wa Usiku
Ilikuwa Juni 2021, Spika alikuwa Ndugai. Wabunge wanawake wenzake walisimama kumtetea. Ile ilikuwa suala la suruali kubana, si jinzi.

Kuhusu #24, tai ndiyo ilimponza. Jaketi la jinzi na tai ni vitu viwili vinavyovutana, kimoja kinasema leo nimepumzika kingine kinasema niko kazini. Angefungua kifungo cha juu cha shati, angevaa kadeti ya buluu nyeusi na moka, huenda bosi asingelitazama mara mbili.

#27 Mtumishi Mtumba
Labda. Ila kuna ofisi jengo la pili yake wanavaa na hakuna anayesemeshwa. Nadhani ni bosi na bosi.

#28 Mpwapwa Mjini
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi naenda kujitambulisha ukweni, Mpwapwa. Suti sina na sitaki kuazima. Nina jaketi jeusi la jinzi zuri kabisa, shati jeupe, suruali nyeusi ya kitambaa. Naweza?

#29 Mzee wa Area C
Usifanye hivyo mjukuu wangu. Baba mkwe ataangalia jaketi, hatakusikiliza. Vaa shati la mikono mirefu, lichomekee, suruali hiyo hiyo, kiatu kisafi. Baridi vumilia.

#30 Binti wa Ipagala
Mimi nasema avae. Wakwe wa siku hizi wanaangalia usafi. Afike nalo, akaribishwe, alivue alishike mkononi anapoamkia, akikaa aliweke kwenye mapaja. Linamkinga njiani na halimwingizi matatani.

#31 Mama wa Nkuhungu
Kuvaa rangi nyeusi juu mpaka chini ukweni, bibi wa huko atauliza kama kuna msiba. Suruali badilisha, vaa kahawia au kijivu. Shati jeupe libaki. Jaketi fuata alichosema #30. Na mshenga wako avae koti, yeye ndiye atakayesema.

#32 Zabibu Kavu
#28 tutupie mrejesho. Mada hii imeshakuwa ya posa.

#33 Singida Upepo
Nyie Dodoma mnaongelea urembo, Singida mchana tu upepo unakupeperusha. Naomba kuuliza uzito. Nimeona mengine mepesi yanavutika, mengine mazito yanasimama yenyewe. Lipi linakaa nadhifu?

#34 Fundi wa Kisasa
#33 kitambaa cha jinzi kinapimwa kwa wakia kwa yadi ya mraba. La wakia 12 hadi 14 linasimama, kola haianguki, mkono unakaa. Ya chini ya hapo, hasa yenye lastiki, yanabana mwili vizuri siku za mwanzo kisha viwiko vinatokeza mabonge na hayarudi. Kwa wanaume nashauri zito lisilovutika. Kwa dada anayevaa juu ya gauni, jepesi linamfaa zaidi, zito linambana kwapani.

#35 Bibie wa Area D
Zito Dodoma ni Juni hadi Agosti tu. Usiku wa Julai unafika nyuzi 13, 14, sawa. Novemba mchana utalivaa wapi? Mimi nina jepesi na ndilo ninalosafiri nalo. Kwenye treni ya SGR kwenda Dar ndani kuna baridi ya mashine, unavaa. Ukishuka Dar unalikunja kwenye pochi kabla ya jasho.

#36 Bumu Halijatoka
Wengine tunaoshukia Morogoro hatujui shida hizo. Ila niulize, jaketi langu la Sabasaba lina vifungo vya rangi ya dhahabu iliyochubuka, ni kitu kimoja kinachoniudhi. Naweza kubadilisha vyote viwe vyeusi au vya fedha bila kuharibu?

#37 Msomaji wa Usiku
Swali zuri. Mimi hata naona vifungo ndiyo jibu la mleta mada. Jaketi lenye vifungo vyeusi au vya fedha iliyofifia na uzi mweusi linatulia. Lenye uzi wa rangi ya chungwa na vifungo vya kung'aa linaita macho, hata kama bega na kiatu viko sawa.

#38 Kijana wa Makole
#37 mimi langu lina uzi wa chungwa na nakataa kwamba linaita macho. Bado nasema weusi.

#39 Binti wa Ipagala
Kiatu.

#40 Fundi wa Kisasa
#36 vinabadilika. Vifungo vya jinzi havishonwi, vinagongwa. Kuna msumari unaotoka nyuma ya kitambaa unaingia kwenye kichwa cha kifungo. Kukitoa nakishika kwa koleo mbili nakizungusha taratibu, nikikivuta kwa nguvu kitambaa kinachanika. Tundu likiwa limetanuka naweka kipande cha kitambaa cheusi kwa ndani ndipo nagonga kipya, na kipya kisiwe kidogo kuliko cha zamani, la sivyo ile duara ya weusi uliokuwa umefunikwa itaonekana pembeni. Cha kafu usikisahau, watu wanabadilisha vya mbele wanaacha vya mikononi.

Ukija lete likiwa limefuliwa na kukauka. Nikilipima halijafuliwa nikakata mkono, ukilifua linapungua na kafu inapanda juu ya saa.